Vidole Vinne Juu ya Kifundo

Kila asubuhi, kabla hatujagusana, mwalimu wetu wa Kijapani alituuliza mbele ya wote, "Nani ana mimba?" Aliuliza wazi wazi, kama mtu anayeuliza nani ana kiu. Sisi wanawake sita tuliitazama mikeka yetu na kujibu kwa pamoja kwamba hakuna.

Mimi nilikuwa nayo, ya miezi miwili na kidogo. Mbili zilishatangulia, zote zikatoka kabla hazijaonekana. Ya pili ilitoka wiki ile ile jirani mmoja mtaani kwetu Kisumu Ndogo aliponipongeza njiani. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, safari hii ufunge mdomo mpaka tumbo liseme lenyewe." Moyoni nilimcheka kwa mambo yake ya husuda na kijicho, lakini mdomo niliufunga.

Tulikuwa tukijifunza shiatsu, ukandaji wa Kijapani, katika chumba cha juu ya saluni mjini Malindi. Nyanya yangu alikanda waliojifungua mtaa mzima kwa mafuta ya nazi, kwa hiyo nilijiona mjuzi tangu siku ya kwanza. Kumbe huku hakuna mafuta wala kusugua. Mtu hulala mkekani na nguo zake. Unapiga magoti, unaweka kidole gumba mahali pake, na anapotoa pumzi unamwegemea taratibu kwa uzito wa mwili. Unangoja, kisha unajiinua taratibu vile vile. Ukitumia nguvu za mkono, mwalimu anakupiga kofi la bega. Mimi nilipigwa sana.

Siku ya somo la mguu alituonyesha mahali fulani upande wa ndani, vidole vinne juu ya kifundo, nyuma tu ya ugoko.

"Hapa panatuliza tumbo la hedhi," alisema. "Lakini mwenye mimba, hapa hapana. Kabisa. Panaweza kuamsha uchungu." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani ana mimba?"

"Hakuna," tukasema. Sauti yangu ndiyo iliyotangulia.

Nilipangwa na Mgiriama mmoja, mkulima wa Gede, mwenye mikono iliyokomazwa na jembe. Sikumpenda, na sababu yenyewe ni ya kijinga: mwalimu alikuwa akimsifu. Akalala, nikaanza gotini nikishuka. Nilipokaribia kifundo akauvuta mguu.

"Pana mwiba hapo, dada. Ulinichoma shambani."

Nikainama kuutafuta. Ngozi ilikuwa safi.

"Mwiba gani? Mbona sioni hata alama? Acha uoga, bibi, hapa hachinjwi mtu."

Nikarudisha kidole. Akauvuta mguu kwa nguvu, akaketi, akanikazia macho. Wenzetu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda.

"Badilishaneni," mwalimu akasema.

Nikalala. Kidole chake kilianza chini ya goti langu, kizito, kwa utaratibu kabisa. Kila pumzi moja kilishuka kidogo. Nilitafuta kisingizio, na kile kizuri kilikuwa kimeshatumika, tena aliyekicheka ni mimi. Nilijua amekasirika na atanibonyeza kwa uzito wake wote.

Mwalimu akaja kutusimamia. "Mguu mgumu," akaniambia. "Pumua."

Sikuweza kupumua. Niliikumbuka ile ya pili, na ndoo ya maji mekundu aliyoimwaga mama mkwe bila kunitazama usoni. Kidole kikanyanyuka, kikashuka tena.

"Usibonyeze!" nilipiga kelele. "Nina mimba!"

Wote wakageuka. Chini saluni, wasusi wakaulizana kuna nini. Nilimchukia kila aliyenitazama, hata yule aliyenitabasamia, yeye hasa. Nililifunika tumbo kwa mikono miwili, na hakukuwa na chochote cha kuonekana.

"Basi utalala ubavu," mwalimu akasema, akaenda kutafuta mto.

Ndipo nilipoona kwamba mwenzangu hajauondoa mkono wake. Kidole gumba hakikuwa mahali pale hata kidogo. Alikuwa ameshapita pale bila kupagusa, na kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya kifundo, hakibonyezi. Akaniinamia kana kwamba ananitengenezea leso niliyojifunga.

"Ule mwiba wangu, dada," alininong'oneza, "una miezi mitatu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mwalimu akarudi na mto kwapani. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. "Nauliza tena," alisema. "Kuna mwingine?"

Mwenzangu akaniangalia. Macho yake yalikuwa yamejaa ile ile hofu niliyolala nayo mimi kila siku.

"Hakuna, mwalimu," nikajibu mimi, kabla yeye hajalazimika kusema uongo.

Kisha nikamshika mkono, na mpaka mafunzo yakaisha sikukubali mtu mwingine yeyote amguse mguu.