Bibi Alipokaa Katikati

Muuza duka akifungua dumu la mafuta ya alizeti, mimi, mtu wa kukaa nyumbani, husimama pale kama mtoto aliyesahau alichotumwa. Harufu ile ni ya uani kwa bibi, alikokamua alizeti, siku ndugu wa marehemu babu walipokuja kugawana shamba lake.

Wanawake walikaa chini, nyuma. Bibi akabeba kigoda, akakiweka katikati ya wanaume, akaketi.

“Shemeji, hapo ni pa wanaume,” mmoja akamwambia.

“Basi sogeeni, mnanibana,” bibi akajibu. “Shamba nalima kesho. Anayelitaka atanikuta na jembe.”

Wanawake wakacheka hadi wakajifunika kanga usoni.

Kesho yake shambani hakutokea shemeji hata mmoja. Wakati wa kurudi bibi alinibeba mgongoni, mtu mzima wa darasa la pili, miguu ikining'inia. Nikasinzia. Nimebadilisha magodoro mengi tangu hapo. Usingizi ule sijaupata tena.