Ngozi Iliyolikumbuka Jiwe

Ngozi mbichi iliyolowekwa ina harufu nzito, kati ya maziwa yaliyochacha na udongo wa mvua ya kwanza. Wiki jana, nikirudi Kakuma kutoka Kalobeyei, niliinusa kando ya barabara, mahali ambapo mama mmoja alikuwa akiwamba ngozi juani, nikamwomba mwenye bodaboda asimame. Alidhani nataka kutapika.

Kazi yangu ni ngumu kuieleza nyumbani: ninachunguza mvutano na mashimo meusi, yale mabaki ya nyota kubwa zilizojiporomokea hadi hata mwanga hauwezi kutoka. Na nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa hofu. Hesabu moja naweza kuirudia mara ishirini na bado nisiiamini. Ugonjwa huo nilikuwa nao tangu darasa la saba.

Mwaka huo nilinunua kitabu cha fizikia kwa Papa Deo, Mkongomani aliyeuza mitumba sokoni Kakuma. Kurasa za kwanza zilikuwa zimechanika. “Mutoto, kitabu hii haiko na mwanzo,” alinionya, “lakini mwisho iko.” Niliusoma huo mwisho peke yangu, bila kuelewa kitu isipokuwa picha moja: jiwe zito juu ya kitambaa kilichowambwa, kitambaa kimebonyea, na vitu vidogo vinalizunguka bonde lile. Kumbe mvutano ni nafasi iliyopinda. Nilitembea na wazo hilo siku nyingi, nikilichunga kama mbuzi wa kuazima.

Mwalimu Ekai alipotangaza kwamba mwanafunzi mmoja atapelekwa mashindano ya sayansi Lodwar, niliitaka safari ile kuliko chakula. Kitambaa kikubwa hatukuwa nacho. Tulikuwa na ngozi ya ng'ombe ambayo Ata, nyanya yangu, alikuwa ameiloweka ili aiwambe iwe ya kulalia. Alinipa hadi jioni.

Niliivuta juu ya tairi la lori, nikaifunga kwa kamba, nikaweka jiwe katikati. Jiwe likiwapo, gololi ingezunguka. Jiwe likiondolewa, ngozi ingejinyoosha na gololi ingepita moja kwa moja. Gololi ya kwanza ilizunguka mara mbili. Nikataka tatu. Nikasogeza jiwe, nikakaza kamba, nikajaribu tena na tena hadi alasiri, na muda wote huo jua la Kakuma nalo lilikuwa kazini. Nilipoliondoa jiwe, ngozi haikujinyoosha. Ilikuwa imekauka kama ubao, na shimo lake katikati.

Nililia. Nilikuwa nimeiharibu Lodwar yangu na kitanda cha Ata kwa mpigo mmoja.

Ata alikuja, akaigonga ngozi kwa kidole, akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akairusha gololi ndani. Ikazunguka.

“Jiwe limeenda zake,” alisema, “lakini ngozi bado inalikumbuka. Wewe unalia nini?”

Kesho yake tulilibingirisha tairi na ngozi yake hadi shuleni, Ata akiwaamkia watu njiani, ejok, ejok, kana kwamba tunakwenda harusini. Mwalimu Ekai aliitazama gololi ikizunguka mahali patupu.

“Akiru, jiwe liko wapi?”

“Limeondoka, mwalimu.”

“Sasa hii inazunguka nini?”

Kitabu hakikuwa kimenipa jibu, nikampa la Ata. Aliizungusha gololi mwenyewe mara nne, kisha akaandika jina langu.

Lodwar nilishindwa na msichana wa Kalokol aliyekausha samaki kwa jua ndani ya sanduku la kioo. Waamuzi waliruhusiwa kuonja. Ngozi ilirudi nyumbani, kuku wakataga humo.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama aibu. Hadi siku moja, nikijifundisha milinganyo ya shimo jeusi, nilifika mahali panapoandikwa maada nikakuta sifuri. Nje ya shimo hakuna kitu, na bado nafasi imepinda. Jaribio nililolitaka lilikuwa picha ya kitabuni tu. Lile lililoharibika ndilo lililokaribia shimo jeusi, nami nililililia.

Nilimpigia Ata simu nikamweleza yote, hata sifuri. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama ilikuwa lazima nisome miaka yote hiyo ndipo nimwamini.