Visigino Laini, Kichwa Kikavu

Kuna watu wakikosewa hulia, wakalala, wakaamka wamesahau. Shangazi ninayemsema hapa hakuwa wa kundi hilo. Yeye akikosewa alilikunja lile kosa vizuri, pindo juu ya pindo, akaliweka rafuni kama shati la mteja ambaye bado hajaja kulichukua. Siku ukirudi utalikuta palepale, halina mkunjo hata mmoja. Na ndiyo kazi iliyomlisha: alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na mtaa mzima ulimwita Pasi, wakubwa kwa wadogo. Hakuchukia. Alisema pasi ni chombo cha heshima, hata ikizimwa hakuna anayeishika bila kuijaribu kwanza kwa kidole.

Kosa lenyewe lilikuwa kichwani mwake, na aliyelitenda alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee. Huyo wifi alikuwa msusi. Zamani hizo Pasi alikuwa na nywele nyingi, kitana kikiingia hakitoki, na alikuwa na mchumba. Siku ambayo mchumba alikuwa ampeleke kwa wazazi wake, wifi alijitolea kumtengeneza kichwa. Akampaka dawa ya kunyoosha. Simu ikalia. Wifi akatoka nayo mlangoni, akaongea, akacheka, akaongea tena. Pasi akasema, "Wifi, inaniunguza." Wifi akajibu bila kugeuka, "Vumilia kidogo. Uzuri hauji bure."

Walipokuja kusuuza, nywele za panja la kushoto zilishuka na maji, na ngozi ikabaki nyekundu kama nyama. Pasi alikwenda ukweni kichwa kimefungwa kama mgonjwa. Mama mkwe mtarajiwa alimtazama mlo mzima kama mtu anayetazama ufa kwenye sahani aliyouziwa. Baada ya hapo mchumba akaanza kuwa na shughuli nyingi, na shughuli zake hazijaisha hadi leo. Pengine hakuwa mwanamume wa kutegemewa hata angekuta nywele zinafika kiunoni. Nenda ukamwambie Pasi hayo, kama una ubavu.

Wifi alisema pole. Alisema, "Zitaota tu, wifi," akampa na kitambaa cha maua ya buluu cha kujifunga zikiwa zinaota. Hazikuota. Kitambaa hakikuvuliwa mbele ya binadamu tena. Hata mwenye nyumba akibisha, Pasi alijifunga kwanza ndipo akafungua. Na wala msidhani aligombana na wifi. Thubutu! Alikwenda kwake, akala, akacheka, akasifu mboga. Kisha akarudi kazini, na juu ya meza ya pasi, mvuke ukimpiga usoni, akawa anajisemea neno moja analolinyoosha miaka yote: Nywele kwa nywele, wifi. Alilisema taratibu, akipita kola, akipita mikono, mpaka likanyooka barabara.

Mungu si Athumani, walisema wahenga, na Pasi akaona kweli siku ya haki imefika. Kaka yake na wifi walipata kazi mji mwingine, na kabla hawajapata nyumba ya maana huko, walimwachia binti yao amalize muhula wa shule. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo, ndiyo kwanza meno ya mbele yameng'oka. Kwao walimwita Pilipili, kwa sababu ya nywele zake za kipilipili, kavu, ngumu, kila moja imejikunja kivyake. Wifi alimleta na chupa kubwa ya mdomo mpana, imejaa mafuta mazito aliyoyakoroga mwenyewe, yenye harufu ya ganda la limau.

"Wifi, kichwa cha huyu najua utakiweza," alisema. "Ila usimchane kikiwa kikavu, zitakatika zote. Maji kwanza. Halafu mafuta. Halafu ndiyo chanuo, tena uanzie nchani, usianzie kwenye ngozi."

"Nimesikia."

"Nakuamini, wifi yangu."

Ati nakuamini. Pasi alitabasamu mpaka gari likapotea kwenye kona, kisha akaichukua ile chupa akaisukuma uvunguni mwa kitanda.

Jumapili akamkalisha mtoto kwenye stuli ndogo, akambana kati ya magoti, akashika chanuo, akachana kavu. Ilikwaruza kama fagio kwenye sakafu ya saruji. Alianzia kwenye ngozi, akashuka kwa nguvu, na kila chanuo lilipokwama hakutafuta fundo, alivuta. Mtoto akakunja vidole vya miguu.

"Shangazi, inauma."

"Vumilia kidogo. Uzuri hauji bure."

Maneno yaleyale, sauti ileile. Alisubiri miaka kuyasema, na yalikuwa matamu, nisikudanganye. Alipomaliza aliokota sakafuni vifundo vya nywele, vyepesi, vikavu, akavitia kwenye pipa la taka huku anaimba. Jumapili iliyofuata hivyohivyo, na nyingine, na nyingine.

Na ile chupa? Pasi hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kiharibike. Anayesimama kutwa akipiga pasi visigino vyake hupasuka mpaka shuka linanasa. Basi kila akitaka kulala aliingiza mkono uvunguni, akachota, akajipaka miguuni. Haukupita muda visigino vikawa laini kama vya mtu asiyewahi kutuma miguu yake dukani. Mwenzake wa kufua pale kazini akaona. "Pasi," akamwambia, "siku hizi visigino vyako unaweza kuvialika harusini peke yake. Nani anakutunza?" Pasi akajibu kwamba ni wifi, na wote wawili wakacheka, kila mmoja kwa sababu yake.

Shule zikafunga kwa mapumziko mafupi, mtoto hakuwa na wa kubaki naye, akaja kukaa dukani. Akapewa kikapu kilichogeuzwa awe anakalia. Alikuwa mtoto wa kutazama, si wa kuuliza ovyo. Alitazama shangazi yake akitandaza shati jeupe la pamba, akichukua chupa ya kunyunyizia, akilirushia maji mbele na nyuma, akilikunja kidogo na kuliacha likae.

"Shangazi, mbona unalilowesha tena na limeshafuliwa?"

Pasi alipenda kuulizwa kuhusu kazi yake. "Pamba ikikauka sana inakuwa mbishi," akasema. "Ukiipitia hivyo hivyo hainyooki, na ukiilazimisha inachanika. Unaipa maji kwanza, unaiacha inywe, inalegea yenyewe. Hata mtoto akipewa pasi hapo atanyoosha."

Pilipili akafikiri, ulimi uko kwenye pengo la meno.

"Kumbe unajua," akasema.

"Najua nini?"

"Maji kwanza. Mama naye husema hivyo. Mimi nilidhani wewe hujui, ndiyo maana sikusema. Nilisema usije ukaona aibu."

Hakukuwa na ujanja wowote usoni mwake. Alikuwa anaeleza tu. Pasi akabaki amesimama, na aliposikia harufu ya kuungua, kola ya mteja ilikuwa imeshapata alama ya kahawia ya ncha ya pasi. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuunguza nguo. Akamwambia mtoto anyamaze, anamsumbua. Mtoto alikuwa ameshanyamaza.

Unadhani alijirudi hapo? Hata. Kisasi kina ukaidi wake. Alijiambia mtoto ni wa mama yake, na mama yake hakuuliza kama inauma. Lakini Jumapili hiyo hakumchana. Alisema amechoka.

Asubuhi ya kurudi shule Pasi, bado ana kitambaa cha kulalia kichwani, alimkuta Pilipili mbele ya kioo, amesimama juu ya stuli, anahangaika na kile kitambaa cha maua ya buluu, kimechuja siku nyingi. Alikuwa amejifunga kichwa, fundo limekaa upande wa kushoto, sawasawa na la shangazi yake.

"Unafanya nini?"

"Hapa pametoka nywele," mtoto akasema. "Darasani wananicheka. Nimejifunga kama wewe. Wewe hakuna anayekucheka."

Pasi akamfungua. Kwenye panja la kushoto palikuwa na kipara cha ukubwa wa kizibo cha soda, kinang'aa, na pembeni yake nywele zimekatika fupi kama ndevu za jana. Upande uleule, kama kwamba alikuwa amepimiwa. Haya, si ndicho ulichokitaka? Kiko hapo, kikubali. Hakuna aliyemcheka Pasi, kweli, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na sasa alikuwa amemfundisha mtoto wa kaka yake namna ya kufunga fundo.

Mtoto hakwenda shule siku hiyo, na shangazi hakwenda kazini. Pasi akavuta chupa kutoka uvunguni. Ilikuwa tupu. Akaikwangua kwa kidole mpaka kwenye maungio, akapata tone la kufunika ukucha. Mengine yote yalikuwa chini ya miguu yake. Akaenda dukani akanunua mafuta ya nazi, akachukua chupa yake ya kunyunyizia, akatia maji ya uvuguvugu. Akazigawa nywele mafungu manne na kuyabana kwa vibanio vya kuanikia nguo, mtoto akacheka kujiona kwenye kioo. Fungu moja moja akalinyunyizia maji, akalifinyafinya, akasubiri. Nywele zikanywa. Zilizokuwa zimesimama kwa hasira zikalegea, zikajikunja polepole kwa raha zake. Akasugua mafuta viganjani, akazipaka kuanzia nchani, akafungua mafundo kwa vidole kabla ya chanuo, kisha akazisokota mbilimbili. Kwenye kipara akapaka lile tone la limau.

"Na wewe unacho?" Pilipili akauliza.

Pasi akavua kitambaa. Mtoto akapagusa, akapapima kwa kidole, akaridhika.

Tangu siku hiyo ikawa maji kwanza. Msimtakase, lakini. Alimpenda mtoto na akaendelea kumchukia mama yake, vyote viwili katika kifua kimoja, na havikugombana. Akisokota nywele alikuwa bado analinyoosha neno lake. Wifi atakuja, wifi ataona, na mimi nitamwambia.

Wifi akaja muhula ulipoisha. Hata hajakaa, akamvuta mwanawe, akamkalisha kwenye stuli, akaingiza vidole kichwani. Msusi husoma kwa vidole. "Zimelainika," akasema. "Zimenyweshwa vizuri." Halafu mkono ukafika panja la kushoto, ukasimama. Palikuwa pameanza kuota manyoya, lakini manyoya hayamdanganyi msusi.

"Hapa palikatika. Na ni kwa kuchanwa kavu. Wifi, nani kafanya hivi?"

Ndiyo saa yenyewe. Pasi alikuwa amesimama mlangoni ameshika trei ya chai, neno liko ulimini, limepigwa pasi miaka na miaka. Mtoto akamtangulia.

"Si kitu, Mama. Tunafanana na Shangazi. Naye anacho hapahapa, ila chake ni kikubwa."

"Anacho nini?"

Pasi akaweka trei chini na kuvua kitambaa.

Wifi akatazama. "Lakini zilikwishaota," akasema. "Si zilikwishaota, wifi? Hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kuuliza."

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Pasi aliujua msemo huo tangu utotoni, lakini hakuwahi kufikiria upande wake wa kwanza, kwamba huyu mtu alikuwa analala usingizi wake wote. Miaka yote alimpelekea chuki mlangoni, na mwenye mlango hakujua kama kuna anayebisha.

"Nilimchana mkavu," Pasi akasema. "Makusudi. Nywele kwa nywele."

Lilitoka limekunjamana. Na aliyelisikia kwanza hakuwa wifi. Pilipili alikuwa anapiga miguu hewani kwenye stuli, miguu ikasimama.

Wifi hakupandisha sauti. "Mimi nilikuharibu kwa uzembe," akasema, "na nastahili unichukie. Wewe umemharibu mwanangu kwa akili zako timamu." Akamwambia mtoto akakusanye nguo zake, wanaondoka. Kisha akauliza chupa yake iko wapi. Pasi akaileta. Wifi akachungulia ndani, akanusa, halafu macho yakateremka polepole hadi sakafuni, kwenye ndala za mwenyeji wake.

"Visigino vimependeza," akasema.

Pasi angefurahi kama angepigwa. Alibaki amesimama, anatafuta pa kuificha miguu, na hapakuwa na pa kuificha. Wifi akatoka na begi hadi kizingitini, akamwita mwanawe.

Pilipili hakwenda. Alikuwa amerudi kutoka chumbani, mkono mmoja ana chanuo, mwingine ana chupa ya kunyunyizia. Uso ulikuwa mgumu. Akaisukuma stuli kwa mguu mpaka mbele ya shangazi yake.

"Kaa."

Pasi akakaa, magoti yamefika kidevuni, akainamisha kichwa kitupu. Hakuona ni mkono upi utakaotangulia, na hakuthubutu kuuliza. Alijua tu kwamba chochote kitakachokuja ni chake. Akafumba macho.

Maji yakampiga panjani, ya baridi, mengi kuliko yanayohitajika, yakateremka shavuni hadi shingoni. Mtoto akangoja nywele zinywe. Ndipo chanuo likaingia kwenye nywele za pembeni ya kipara, likakuta fundo, na mkono mdogo ukavuta. Pasi akaguna.

"Vumilia kidogo, Shangazi," Pilipili akasema. "Uzuri hauji bure."

Pale kizingitini wifi aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaliweka begi chini.