Neno la Mwenye Punda

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kwenda Bugarama, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda dukani kwa jirani kununua chumvi, naaga kama ninayesafiri kwenda ng'ambo. Lakini shangazi yangu aliyeolewa huko alikuwa anaumwa, na shangazi huyo akiumwa hutaka kuonwa na kila mtu, hata sisi tuliooana na viti vyetu. Basi nikapanda, nikamkumbatia kijana wa watu kama kupe. Tulipoanza kuteremka mlima akageuza shingo kidogo, akasema kwa upole, "Regea, mama. Umekaza sana, pikipiki inayumba."

Rafiki yangu, uso uliniwaka. Kijana hakuwa na kosa lolote. Alitaka nilegee, basi, na kwetu huku l na r huazimana nafasi bila kuombana ruhusa. Ila neno hilo mimi lilinichoma kwa mara ya kwanza nikiwa juu ya mgongo wa punda, nimevaa suruali ya marehemu babu, mbele ya umati wa watu. Tangu hapo halijawahi kunipita bila kunigusa.

Nilizaliwa na miguu migumu. Usifikiri ilipungua kitu. Ilikuwa miwili, kamili, ila ilipendana kupita kiasi. Ilipishana magotini kama mkasi uliofungwa na haikukubali kuachana. Mgongo nao ulikuwa mvivu. Ukinikalisha mkekani nilianguka upande, taratibu, kama gunia la mihogo lililofungwa na mlevi. Wenzangu wa umri wangu walikuwa wanachunga mbuzi, mimi bado nabebwa mgongoni na bibi. Wageni wakija, bibi aliniingiza chumba cha ndani alikohifadhi mbegu za maharage, akaurudishia mlango. Hakuwa mkatili, usimwelewe vibaya. Aliona haya, na haya zile tuligawana sawasawa, nusu yake na nusu yangu. Harufu ya mbegu kavu niliijua kuliko nyuso za majirani.

Kisha vilima vikajaa watu waliovuka mto wakikimbia vita kwao. Tulilala tukaamka, mlima wa ng'ambo umegeuka bluu kwa maturubai, na moshi wa maelfu ya mafiga umeketi juu yake asubuhi nzima. Mchana ilisikika milio ya mashoka tu, miti ikianguka. Bibi akaanza kupeleka ndizi kambini na kurudi na unga wa njano na mafuta ya kopo. Ugali ule wa njano! Ulikuwa mzito, unakwama kooni, lakini kwa maharage yaliyoungwa mafuta yale tulikula mpaka tukalamba chungu. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia, bibi alikwenda nami soko la kambini, mimi mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani.

Huko ndiko alikotuona dada wa mazoezi. Tulimwita hivyo tu. Alikuwa mgeni kutoka mbali, Kiswahili chake cha kitabuni, na kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo vya watu walioumia. Alimsimamisha bibi, akaomba kunishika miguu. Bibi akamwambia zinazouzwa ni ndizi.

Lakini dada yule hakuchoka. Alitueleza kuwa kwao watoto kama mimi hupandishwa farasi. Mnyama akitembea, alisema, kiuno chake huenda kama kiuno cha mtu anayetembea, na aliyekaa juu yake kiuno chake hujifunza kwa kuazima. Joto la mnyama hulegeza mapaja, na mgongo, kwa kuogopa kuanguka, huacha uvivu. Bibi alisikiliza kama anayesikiliza bei ya kitu asichotaka kununua. Kilichomgeuza ni mwalimu mkuu wa shule yetu. Jumapili moja, baada ya misa, alimwambia bibi, "Mama, akiweza kukaa kwenye benchi bila kushikwa na mtu, shule ikifunguliwa mwaka mpya nitampokea. Asipoweza, sina wa kumshika."

Habari ikasambaa kijijini kwamba mjukuu wa fulani atapanda farasi. Siku ilipofika walikuja hata ambao hawakuwahi kutusalimia. Halafu akatokea punda. Mdogo, wa kijivu, sikio moja limechanika. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mkimbizi aliyemnunua kwa wafanyabiashara wa Kisukuma ili abebe madumu ya maji, na dada wa mazoezi alikuwa amemwomba kwa saa chache. Bibi akamzunguka mnyama yule, akauliza kama farasi mwenyewe yuko nyuma anakuja.

Shida haikuwa punda. Shida ilikuwa namna ya kukaa. Kwetu mwanamke hupanda baiskeli kwa kukaa upande, miguu pamoja, na msichana hatagai, hatawanyi miguu mbele za watu hata kama nyumba inaungua. Dada wa mazoezi akasema bila kutagaa hakuna dawa. Bibi akautazama umati, akamtazama punda. Mwishowe akasema Bwana Yesu naye alimpanda punda mbele ya mji mzima wenye matawi, wala hakujificha. Nilitaka kumwambia haikuandikwa alikaaje, lakini alishageuka. Akarudi nyumbani, akaja na suruali ya kaki ya marehemu babu, akanivalisha, akanifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba.

Wakanipandisha juu ya blanketi lililokunjwa. Watoto wa kambini walicheka, wa kijijini walicheka zaidi. Mwili wangu wote ukawa ubao. Nilishika manyoya ya punda kwa ngumi, meno yakigongana, na mzee mwenye punda akawa ananishika kiuno upande mmoja. Akaniinamia sikioni. "Regea, mtoto," akasema. "Regea. Regea."

Sasa, nyumbani kwetu bibi hakuwahi kusema rejea. Alisema regea. Ukitumwa kisimani, "uregee mapema." Kwa hiyo mimi nilisikia nilichozoea kusikia. Mzee huyu, mgeni asiyejua hata jina langu, ananiambia nirudi nilikotoka. Nirudi chumbani kwenye maharage. Nikalia kwa sauti mpaka wakanishusha, na bibi akanibeba hadi nyumbani. Tulipofika ndipo nikamweleza. Akasonya. "Yeye aliyekimbia kwao ndiye akuambie wewe uregee?"

Hatukwenda tena. Siku ya soko ilipofika bibi aliuza ndizi barabarani, hakuingia kambini. Nikabaki mkekani nikianguka upande wangu uleule, na mwaka mpya unasogea. Nilijifanya sijali shule. Niliwaambia binamu zangu kuwa benchi huotesha makalio sugu.

Jioni moja mwenye punda akaja mwenyewe, punda nyuma yake, kofia mkononi, na mjukuu wake wa kike ameshikilia mkia wa punda. Akamwamkia bibi shikamoo ingawa nadhani walilingana umri. Bibi akaitikia marahaba ya baridi, na hakumpa kigoda.

"Wewe ndiye uliyemfukuza mtoto wangu kwenye nchi yake," alimwambia.

Mzee alishtuka. Bibi akamtajia lile neno. Yule bwana alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akachukua kamba ya punda, akapiga fundo mbele yetu, akalivuta mpaka likawa kama kokoto. "Hivi, imekaza," akasema. Akalitia kidole, akalichezeachezea mpaka likafunguka, kamba ikaning'inia. "Hivi, imeregea."

Halafu akasema polepole, kama anayejisemesha mwenyewe, "Mimi, mama, nimwambie mtu aregee kwao? Mimi?"

Bibi akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia, kumbe anacheka, au vyote viwili. Akamletea kigoda, akamletea na pombe ya ndizi, na yule mjukuu akapewa ndizi mbivu. Mimi nilitazama miguu yangu. Kuna haya za kuchekwa na kuna haya za kumdhania mtu vibaya, na za pili hazina pa kujifichia, hata chumba cha maharage hakizitoshi.

Tangu hapo alinifuata nyumbani kila alipomaliza maji yake. Tulizunguka shamba la nyuma lililopumzishwa, mimi na suruali ya babu. Nikikusimulia joto la punda utacheka, lakini liliingia mapajani kama maji ya vuguvugu, na miguu yangu iliyopendana ikaanza kugombana. Punda akienda kushoto, kiuno changu kushoto. Akipanda tuta, mgongo unajishika wenyewe bila kuniuliza. Nilinuka punda mpaka mbuzi wa bibi wakaacha kunikaribia. Mwenye punda alitembea pembeni akirudia neno lake, na sasa nililisikia kama alivyolikusudia, nalo lilikuwa kama mkono unaoteremka mgongoni.

Mjukuu wake hakuwa akisema. Tangu walipovuka mto, mzee alituambia, mtoto alifunga mdomo. Siku moja punda aligoma katikati ya shamba, mimi juu yake kama chifu asiye na watu, tukambembeleza hakusogea. Yule mtoto akamwendea sikioni, kwenye lile sikio lililochanika, akasema kwa lugha yao, "Genda." Nenda. Punda akaenda. Mwenye punda aliachia kamba, akasimama pale amewapa mgongo wote waliokuwepo.

Shule ilipofunguliwa mwaka mpya mwalimu mkuu aliniweka kwenye benchi, akaandika ubaoni, akageuka, akaandika tena, akageuka. Niliyumba kama mgomba kwenye upepo. Sikuanguka. Akasema, "Haya, kaa." Ndilo neno zuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mtu wa serikali.

Miguu haikunyooka yote. Mpaka leo natembea na fimbo, na napenda kiti kuliko safari. Lakini nilikaa darasa la kwanza, nikakaa mengine yote, nikafika hata sekondari. Nilikuwa bado mgeni shuleni wakimbizi walipoambiwa warejee kwao.

Barabara ya Rusumo ilijaa vichwa na mizigo, na mwalimu alishindwa kutuzuia darasani. Wenzangu walinitolea benchi hadi ukingoni mwa barabara, nikakaa wima, najivunia mgongo wangu. Watu walipita na masufuria, magodoro, kuku waliofungwa miguu. Hakuna aliyeimba. Ndipo nikamwona. Punda hakuwepo, nilisikia baadaye kuwa aliuzwa. Mzigo aliozoea kuubeba yule mnyama ulikuwa kichwani mwake, mjukuu kamshika mkononi, na mabega yake yamepanda mpaka masikioni, yamekaza kama fundo lile.

Nilitaka kumpa kitu. Sikuwa na kitu, ila neno lake. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mzee, regea! Regea!"

Alisimama. Jirani yetu mmoja aliyekuwa pale akaangua kicheko, akasema hata watoto sasa wanawaambia waondoke, na wengine wakamfuata kucheka. Nilifungua mdomo nieleze, kicheko chao kikaizidi sauti yangu. Mwenye punda alinitazama pale juu ya benchi, nimekaa wima. Mabega yake yakashuka. Kisha msafara ukamsukuma, akaenda.

Bibi alishatangulia. Suruali ya babu ililiwa na panya. Mlima wa ng'ambo umeota miti tena, na ukiwaambia watoto wa siku hizi kwamba ulikuwa wa bluu wanadhani unazeeka vibaya. Shamba la nyuma lina migomba. Sijaona punda huku kwetu miaka mingi, na watoto wenye miguu kama yangu bado wapo, nawajua, wako vyumba vya ndani wageni wanapokuja.

Yule kijana wa bodaboda alingoja, akaniambia tena, regea, mama. Nikavuta pumzi, nikaacha kiuno kiende na mlima kama nilivyofundishwa, na pikipiki ikatulia. Ila njia nzima hadi kwa shangazi niliyaona mabega yale yakishuka, na mpaka leo sijui yalishuka kwa neno lipi kati ya yale mawili.