Gari la Kumtoa Mdogo Wangu Duarani

Mwenye gari alitaka kwanza kujua mimi ni mke wa nani.

"Si mke wa mtu," nilimjibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mwanamke peke yako, mkonga wa nini? Utabebea mkaa?"

"Nitabebea watu wanaokwenda kulala porini."

Alicheka mpaka akaegemea boneti. Tulikuwa uani kwake, Buseresere, na vijana waliokuwa wakishusha viroba vya mawe walisimama ili nao wasikie. "Kulala porini kwa kupenda? Kwani hawana nyumba?"

"Wanazo, tena nzuri kuliko yangu. Ndiyo maana wanaweza kulipia pori."

Gari lenyewe lilikuwa fowili la zamani, lile tunaloliita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo. Lilikuwa limebeba mawe kutoka mashimo ya dhahabu kwenda kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, kwa miaka ambayo mwenyewe hakutaka kuitaja. Mdogo wangu anayenifuata alizunguka akiligonga bodi kwa kiganja, akalala chini, akainuka, akawasha injini na kuisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akanikonyeza: linafaa.

Mzee yule sikumwambia sababu yangu ya kweli. Sababu ilikuwa huyo aliyenikonyeza. Alikuwa anazama duarani, ndani ya mashimo ya dhahabu, upande wa Geita tangu ndevu zake hazijaota. Msimu uliopita shimo la jirani liliporomoka na kuwafukia watu aliokunywa nao chai asubuhi ile ile. Alirudi nyumbani Ngokolo, akashinda kitandani siku nyingi akiangalia mabati, kisha nikamkuta anafunga begi. Kwenda wapi? Kule kule.

Mama alipomfuata baba kaburini mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikajifunza kushona maturubai sokoni, ili yeye na mdogo wetu wa mwisho wale. Nilizoea kumwambia huyu kijana fanya hivi, acha hivi, naye akafuata. Siku ile ya begi nilijua amri haitoshi. Mdogo wetu wa mwisho ni mpokeaji wageni katika nyumba ya kulala wageni Mwanza, na alikuwa ametueleza kwamba kuna wafanyakazi wa mjini wanaotafuta mtu wa kuwapeleka misituni na mahema, ila magari yao madogo hayafiki. Hapo tukapatana. Mimi ninunue gari, yeye aliendeshe, twende sisi watatu safari moja ya majaribio kabla ya kuchukua wageni. Safari ikienda vizuri, anabaki juu ya ardhi. Ikiharibika, simzuii tena.

"Hutalia?" aliniuliza.

"Nitalia. Lakini sitakuzuia."

Sasa, huku kwetu gari lililobeba mawe ya dhahabu haliuzwi hivi hivi. Kabla ya kukabidhi, mwenye gari hung'oa mazulia, hufagia kila kona, na vumbi lote hulipitisha kwenye karai la maji ili achuje dhahabu iliyodondoka. Mzee alituambia mapema ili tusije tukadhani tumeibiwa. "Ndani nimeshaosha. Chini ya chesi sijagusa, tope limeganda kama saruji. Hiyo bahati yenu, ng'wanangu."

Nilimwona mdogo wangu anageuza shingo. Wabeja sana, mzee, nikamshukuru, na tukaondoka.

Uani Ngokolo kazi ikaanza. Fundi wa springi alikuja na majani ya chuma ya ziada begani, kwa sababu gari zote anazotengeneza ni za kubeba mzigo.

"Nikiyaweka haya hata ukipakia viroba arobaini halibonyei," alisema.

"Nabeba watu. Ukikaza hivyo wataruka mpaka wang'ate ndimi."

"Mama, mimi nimezoea mawe. Hayalalamiki."

Tukapunguza jani moja badala ya kuongeza. Juu tukafunga keria ya mabomba, nyuma sanduku la jiko na tanki la maji, mbele winchi iliyotumika. Kivuli cha pembeni nilikishona mwenyewe kwa turubai la kijani, mshono mara mbili, nikatoboa matundu na kugonga pete za shaba. Hata mahema niliyashona mimi. Kwa kazi hiyo mikono yangu haikuwa na wasiwasi.

Wasiwasi ulitoka chini ya gari. Kila nikisimamisha cherehani nilisikia tindo: ko, ko, ko. Tindo ni kile chuma cha kupasulia mwamba, na mdogo wangu alikuwa nacho kama mwanafunzi na kalamu. Alikuwa analala chali chini ya chesi anapasua lile tope na kulikusanya kwenye ndoo. Majirani walikuja kutazama. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa amefika na basi la Mwanza na habari za wageni wetu wa kwanza wa Jumamosi, alichuchumaa na kumchungulia.

"Kaka, kikipatikana kipande nitengenezee hereni."

"Ya sikio moja tu. La pili utajaza mwenyewe."

Jioni aliosha udongo ule kwenye karai. Nilisimama mlangoni. Alizungusha maji polepole, akamwaga, akazungusha, mpaka chini kukabaki uzi wa manjano mwembamba kuliko uzi wa cherehani yangu. Hakushangilia. Aliukodolea macho, na midomo yake ikawa inasogea kidogo kama mtu anayeongea na mwingine. Nilirudi ndani. Nilijua gari bado halijamtoa duarani.

Tuliondoka alfajiri. Tulipita Runzewe, tukaacha lami, tukaingia msituni kwa njia ya warina asali. Gari lilipita mchanga na madimbwi ya tope bila kugoma, na usiku tulilala vizuri chini ya turubai langu. Asubuhi mdogo wangu alikuwa akipiga mluzi huku anakunja mahema, kitu ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima. Nikaendelea kufunga kamba, nisije nikauharibu.

Mbele kidogo kulikuwa na mteremko. Njia ilikuwa ya mawe, nyembamba, na chini kabisa kulikuwa na korongo lenye daraja la magogo lililokatika. Tulipanga kusimama kabla ya hapo na kutafuta pa kuvukia. Akakanyaga breki. Nikaona goti lake linazama.

Akakanyaga tena. Gari likasita kidogo, kisha likaendelea.

"Kaka, polepole," mdogo wetu akasema kutoka nyuma, akiwa amekumbatia sufuria.

"Shikeni," alisema. Hakupaza sauti.

Alirudisha gia, injini ikapiga kelele. Akavuta hendibreki, harufu ya kuungua ikajaa ndani, mwendo ukapungua lakini hatukusimama. Magogo ya daraja niliyaona wazi, hata nyufa zake. Akakata stelingi kulia akalipeleka gari kwenye kichuguu kikubwa cha mchwa. Tukapanda nusu, tukainama upande wangu, turubai likachanika juu ya kichwa changu, na injini ikazima.

"Nani ameumia?" niliuliza.

"Sufuria," alijibu mdogo wetu, kisha akaanza kulia.

Kaka yake aliingia chini ya gari. Kisha akaniita. Nililala ubavu nikachungulia. Paipu ya breki ya nyuma, inayopita kando ya chesi, ilikuwa na mkato unaong'aa na mafuta yakidondoka. Sehemu yote ile ilikuwa safi, haina tope hata chembe.

"Hii ni kazi ya tindo yangu," alisema. "Niliipiga bila kujua, na breki kali ya leo ndiyo imeipasua." Akajifuta uso, akaupaka mafuta. "Dada, mimi ni mtu wa chini. Huku juu nitawaua. Tukifika barabarani nipande basi la Geita."

Nilitaka kusema mengi. Nilisema, "Linatengenezeka?"

Aliipapasa paipu tena kwa kidole. "Kwa breki za mbele peke yake, labda."

Aliikata paipu, akaikunja ncha, akaiponda juu ya jiwe ili mafuta yasipite. Mimi nikakaa kwenye usukani kumsaidia kutoa hewa kwenye breki za mbele.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

Nikakanyaga, nikashikilia, nikaachia. Chupa ya mafuta ya breki ilikaribia kwisha ndipo pedali ikaanza kunisukuma mguu.

Njia tuliyojia ilikuwa mwinuko wa mawe makubwa, gari lisingerudi. Ilibidi limalizie mteremko, likate kushoto kabla ya korongo. Mimi sijui kuendesha. Mdogo wetu hajui.

"Shukeni wote," alisema. "Nitaliteremsha peke yangu. Likikataa, liende na mimi."

Yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyonipandisha garini. Nilimwambia mdogo wetu atembee pembeni kwa mbali. Mimi nikaingia, nikafunga mlango.

"Dada, shuka."

"Endesha."

"Nimesema shuka!"

"Nimekusikia. Endesha."

Akashika usukani. Kisha akaingiza gia ndogo, akaachia klachi taratibu, na tukateremka kutoka kwenye kichuguu. Alikanyaga kidogo kidogo, akiipima pedali kila baada ya jiwe. Mikono yangu ilikuwa chini ya mapaja, isije ikamshika. Karibu na korongo alikanyaga kwa nguvu. Gari likasimama. Akaachia, likatambaa, akakanyaga tena, likasimama tena. Akakata kushoto kwenye nyasi.

Mdogo wetu alitukuta tumekaa vile vile, injini inaunguruma. Akapanda nyuma, akafuta vumbi kwenye simu yake.

"Wale wageni wa Jumamosi niwaambie nini?"

Niliangalia nje ya dirisha. Swali halikuwa langu.

"Waambie Jumamosi hatuwezi," alisema kaka yake. "Nabadilisha paipu zote, na breki za mbele nazifungua upya. Waje wiki inayofuata." Akaangalia kioo, akaingiza gia. "Na waulize wako wangapi, nijue nafunga viti vingapi."