Sufuria ya Kuharibu

Kila Jumatatu meneja wetu alitoa sufuria moja ya mafuta mazuri ya nazi ili tuiharibu. Nimefanya kazi chini ya wakubwa kadhaa tangu hapo, sijaona mwingine wa namna hiyo.

Nilianza miaka ya sitini, katika kiwanda kidogo cha sabuni Bagamoyo. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Mwanaidi, mpishi wa sabuni. Alinionyesha kostiki, magadi makali yanayounguza ngozi, na namna ya kuyamimina polepole kwenye mafuta. Nikauliza sufuria iliyo pembeni ni ya nini.

"Hiyo ya kuharibu, mwanangu. Jaribu utakalo. Ila ukiharibu, useme umeharibuje."

Sheria ilikuwa hiyo tu. Jumamosi meneja aliketi nasi juu ya magunia ya mbata, nazi kavu za kukamulia mafuta, kila mmoja akaeleza jaribio lake. Langu la kwanza lilitoka kama uji wa mgonjwa.

"Huyu anatufungulia hoteli," alisema meneja. Tulicheka, kisha akaniuliza maswali mpaka tukajua nilipokosea.

Bi Mwanaidi alikuwa na shabaha moja. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Sabuni ya nazi hutoa povu humo, lakini mche wake huyeyuka upesi. Yeye alitaka mche wenye povu na unaodumu. Mche wa mwisho aliojaribu tuliufulia: povu tele, na mche ulipungua kidogo tu.

"Bado kidogo," alisema, macho yakimng'aa.

Miaka ya sabini akaja meneja mpya, mtu mwadilifu aliyechukia upotevu. Akaiona sufuria.

"Bibi, hapa tunatengeneza sabuni au tunacheza kombolela?"

"Tunatengeneza, bwana," alijibu Bi Mwanaidi. Akaiosha, akaifunika. Sabuni haikuharibika tena, wala haikubadilika. Jumamosi kila mtu alikwenda zake.

Meneja huyo alipohamishwa, nafasi yake nikapewa mimi. Nilimwendea Bi Mwanaidi kabla sijaketi ofisini.

"Shikamoo, mama. Sufuria ni yako tena. Umalizie ule mche wako."

"Marahaba, baba. Nimeshausahau," akasema, bila kuacha kukoroga.

Nilimwomba tena mara nyingi, jibu likawa lile lile, kwa upole ule ule. Sasa nimestaafu, na ninachokitamani si cheo, ni kelele za Jumamosi zile juu ya magunia. Bi Mwanaidi aliacha kazi kabla yangu. Mpaka leo sijui kama alisahau kweli, au hakutuamini tena.