Makona Sitini ya Mlima Tolliver

Verda Haslam alikuwa na njia mbili za kumpeleka mumewe bondeni. Barabara mpya ni mwendo wa saa moja. Ile ya zamani, inayopanda Mlima Tolliver na kushukia upande wa pili, ni nusu siku na makona sitini. Akashika ya zamani. Si kwa ajili ya mandhari. Mandhari ya Tolliver anayajua tangu hajaota meno.

Orrin, mumewe, alisukuma theluji kwa greda kwenye barabara ile miaka thelathini na mmoja. Sasa hamjui hata mkewe. Mwezi wa tatu alitoka alfajiri, peku, kwenda "kufungua barabara". Walimkuta kwenye geti la mlimani, vidole vya miguu vimekuwa vyeusi. Hapo ndipo Verda alipokubali ile nyumba ya wazee. Saa kumi wangepokelewa, na begi la Orrin lilikuwa nyuma ya pikapu. Ila alikuwa amejiwekea sharti, hakumwambia mtu: akiniita Bosi, hata mara moja, kabla ya njia panda ya bondeni, nageuza gari. Bosi ndilo jina Orrin alilompa tangu wiki ya harusi, na alikuwa na sababu.

Kona ya kumi na mbili Orrin akachangamka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Umewahi kupita huku, mama?"

"Mara moja mbili," Verda akasema.

"Basi una bahati, umempata mwenyeji. Pale juu theluji hushuka kama treni. Tunapaita Shangazi, maana haipigi hodi."

Kwenye mji uliohamwa wa Corinth, penye vibanda vya wachimba madini vilivyobaki mbao na misumari, walisimama wale mkate na nyama ya batamzinga. Familia moja ya watalii, na ndoana zao za kuvulia samaki, ilikuwa inasoma bango la historia ya mji. Orrin akawaachisha bango. Akawasimulia mjane aliyepandisha mikate kwa nyumbu wakati wa baridi, akawauzia wachimbaji hadi madini ya fedha yalipokwisha mlimani, wote wakahama isipokuwa yeye.

"Alibaki kumngoja nani?" mtalii akauliza.

"Hakuna aliyejua. Na mwenyewe alikuwa mkali, nani angemuuliza?"

Wakacheka. Mtalii akamgeukia Verda. "Mzee wako anajua kila kitu!"

"Kasoro kimoja," Verda akasema, akakunja karatasi ya mkate.

Karibu na kilele kuna kona ambapo theluji ilimchukua Dutch, dereva mwenzake Orrin, na greda lake. Madereva wote wa theluji hupiga honi mbili pale, hata wakiwa na gari la harusi. Verda hakupiga, makusudi, mikono juu ya usukani. Orrin akainama, akanyoosha mkono mbele yake, akabonyeza. Mara mbili.

Verda akauliza, "Ya nani hiyo?"

"Ya Dutch. Mke wangu hunisema, ati namwamsha marehemu."

"Mkeo anaitwa nani?"

"Ana jina lake, lakini mimi namwita Bosi." Akacheka peke yake. "Ungemwona, mama! Ulimi kama msumeno. Lakini nikirudi usiku wa manane na barafu kwenye ndevu, nakuta supu iko moto. Miaka yote. Sijawahi kumwambia asante, ujue?"

Verda alisimamisha gari kileleni. Jina limetoka. Si limetoka? Alibishana na nafsi yake kama mtu anayetaka kumzidi muuza duka mizani. Kisha akamgeukia, akamshika kidevu. "Orrin. Nitazame. Mimi ni nani?"

Akamtazama vizuri, kwa heshima zote. "Samahani, mama. Tumeshawahi kuonana?"

Jina kalitaja. Kumwita hakumwita. Verda akaingiza gia.

Makona yaliyobaki Orrin aliendelea kueleza, naye akaitikia, "Ehee," "Kumbe!" kama mtalii mwenye adabu. Chini kabisa, kwenye njia panda, akawasha taa ya kulia, upande wa nyumba ya wazee.

"Umekosea, mama," Orrin akasema, akionyesha kushoto, inakorudi barabara mpya hadi kwao, na hakukosea hata kidogo. "Kwangu ni huku. Bosi ananingoja."

"Anajua uko wapi," Verda akasema, akakata kulia.